Waliokizomea Kimbunga

Paukwa!

Nani ameitikia? Sauti tatu tu? Paukwa, nimesema!

Pakawa!

Haya. Najua ngano haisimuliwi mchana. Najua mnaambiwa anayesimulia mchana huota mkia. Leo nitasimulia mchana, jua hili hili likiwaka, na mkia ukiota nitaukalia. Nina hasira. Saa sita upepo umeezua bati za kwa Mzee Luhende, bati zimepaa kama karatasi, na wajukuu zangu walikuwa wapi? Nje! Wamesimama uani, vinywa wazi. Na baba yao Masunga, mtu mzima na ndevu zake, amesimama nao, anapiga picha kwa simu. Kaeni chini. Na wewe Masunga, kaa. Hii si ya watoto peke yao.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo wanyama walikuwa na baraza na mkuu na amri za kijinga kama sisi, palikuwa na mbuga. Mbuga tambarare. Mashariki milima, magharibi ziwa. Katikati majani, majani, majani.

Kiangazi kilipokaza, chamchela zilikuja. Chamchela mnaijua. Vumbi linazunguka, fyuuu, linabeba majani makavu, linakwenda, linakufa. Basi wanyama wa mbuga ile walikuwa na desturi yao. Chamchela ikitokea, walisimama duara. Walipiga kwato chini, gu! gu! gu! Wakaizomea:

"Zii! Huna mama!
Zii! Huna baba!
Zii! Rudi kwenu!"

Na chamchela ilikufa. Ilikufa kwa sababu chamchela hufa. Ingekufa hata wangeiimbia nyimbo za harusi. Lakini wao walisema, "Tumeiua." Baba akamwambia mwana, mwana akamwambia mjukuu, uongo ukazeeka, ukaota mvi, ukaheshimiwa.

Mkuu wa mazomeo alikuwa Nyati. Shingo nene, pembe pana, sauti nzito. Mpiga mbiu wake alikuwa Nyani. Nyati akisema neno moja, Nyani alisema kumi. Mnawajua watu wa namna hiyo, tunao hapa hapa kijijini, sitaji jina.

Pembeni mwa mbuga aliishi Mama Ngiri na watoto wake wanne. Mama Ngiri hakuwa mzuri wa sura, na ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili kichaa. Alikuwa na mashimo matatu. Yalichimbwa na Mhanga, yule mla mchwa, kisha Mhanga akahama, naye Ngiri akayarithi. Aliyafagia, akayapanua, akayatunza. Watoto waliingia mbele, yeye aliingia mwisho, tena kinyumenyume, uso mlangoni.

Siku moja chamchela ikatokea upande ule wa Ngiri. Wanyama wakasimama duara. Nyati akajitokeza katikati, akatuna, akarudi nyuma hatua moja ili azomee kwa nguvu. "Zii! Huna..." Tumbukiii! Mguu wa nyuma ukazama kwenye shimo la Ngiri. Nyati akakaa chini kama mtoto anayeogeshwa kwenye beseni.

Kwa kwa kwa kwa! Mbuga nzima ikacheka. Nyumbu wakacheka, Swala wakacheka, hata Nyani akacheka, kisha akakumbuka kazi yake akaziba mdomo.

Mguu haukuvunjika. Kilichovunjika ni heshima, na heshima ya mtu mwenye cheo ikivunjika, wanaolipa ni wengine. Jioni ile ile Nyani akapiga mbiu: "Mashimo yote yafukiwe! Ni uchafu! Ni aibu! Uwanja wa mazomeo uwe sawasawa!"

Wakaja. Wakafukia la kwanza, fuku fuku fuku. Wakafukia la pili, fuku fuku fuku. Walipofika la tatu wakamkuta Mama Ngiri amelala mlangoni.

"Ondoka," akasema Nyati.

"Siondoki."

"Hii ni amri ya baraza."

"Baraza limenizalia watoto? Limewalisha? Wanangu wako humu ndani. Mkitaka kufukia, fukieni na mimi, anzeni na huu uso wangu msioupenda."

Nyati akamtazama. Meno yale ya Ngiri yalikuwa marefu na hayakuwa ya mapambo. Nyati akakohoa. "Tutarudi kesho," akasema.

"Rudini hata leo usiku!" akafoka Ngiri. "Mnafukia nyumba ya mtu kwa sababu mmoja wenu ametumbukiza tako! Hamna haya!"

Kesho yake asubuhi hali ya hewa haikuwa ya kawaida. Joto. Si joto kavu la kila siku, ni joto la kunata, joto la jikoni mama akiwa amefunika ubwabwa. Upepo wa ziwani ulikuwa umelowa. Na huko juu, juu kabisa, Tumbusi alikuwa akizunguka.

Huyu Tumbusi sikilizeni habari zake. Tumbusi hapigi mabawa hovyo. Anatandaza tu, hewa ya moto inampandisha, anapanda kama moshi. Kwa hiyo hakuna mnyama anayeijua hewa kama yeye. Na hakuna mnyama anayechukiwa kama yeye, kwa sababu anakula mizoga.

Tumbusi akashuka. Puuu! Akatua katikati ya duara.

"Jamani, leo kuna hatari," akasema. "Hewa imenirusha juu nisikotaka. Huku chini kuna joto na unyevu wa ziwa. Kule juu kuna baridi kavu ya milimani. Joto linataka kupanda, na leo linapanda kwa hasira. Na pepo mbili hazielewani. Wa chini unakwenda polepole upande huu, wa juu unakimbia upande ule. Katikati yake hewa inabiringika kama gogo mteremkoni. Nimelipita gogo hilo. Limenipindua."

Ngojeni. Kabula, lete kijiti. Kiweke katikati ya viganja vyako. Kiganja cha juu kiende mbele, cha chini kirudi nyuma. Kinazunguka au hakizunguki? Kinazunguka! Basi ndiyo pepo mbili hizo. Kijiti kimelala na kinazunguka. Sasa kisimamishe. Ndivyo ile hewa ya moto inayopanda inavyofanya: inalinyanyua gogo la upepo, inalisimamisha wima, nalo halijaacha kuzunguka. Wingu lote linaanza kuzunguka nalo. Usicheke, Kabula. Shika kijiti chako usikilize.

"Likisimama," akasema Tumbusi, "wingu litazunguka tumbo. Kisha litashusha mkia. Mkia ukigusa ardhi, hiyo si chamchela. Chamchela huanzia chini, mbingu ikiwa nyeupe. Hiki huanzia juu, tumboni mwa wingu. Ni kimbunga. Hakizomewi. Tafuteni mashimo. Asiye na shimo atafute mtaro."

Kisha Nyani akasimama.

"Mmemsikia? Anatutisha! Huyu chakula chake ni nini? Si maiti? Anatuombea tufe apate kula! Leo ametuletea habari za magogo ya angani!"

"Zii!" wakasema wanyama. "Zii! Mla mizoga! Zii! Rudi kwako!"

Wakamzomea Tumbusi. Nawaambia, wakamzomea yule aliyeshuka kuwaonya. Hapo ndipo damu yangu huchemka kila nikiisimulia hadithi hii, na nimeisimulia tangu baba yenu akiwa hana meno.

Tumbusi akawatazama mmoja mmoja. "Kula nitakula tu, nipende nisipende, ndivyo nilivyoumbwa," akasema. "Lakini watoto wenu sikuwaombea." Akaruka.

Aliyesikia alikuwa Mama Ngiri. Akaenda mbio kwenye lile shimo moja lililobaki, akalitazama. Lilikuwa dogo. Akawafunza watoto wake pale pale, mara moja, mara mbili, mara kumi:

"Tumbo chini!
Kichwa ficha!
Usitazame!"

Semeni na nyinyi. Masunga, sijasikia sauti yako.

"Tumbo chini! Kichwa ficha! Usitazame!"

Mchana ukafika. Wingu likatokea upande wa ziwa. Lilikuwa jeusi chini, na ndani yake rangi ya kijani, rangi ya jeraha linalooza. Likapanda, likapanda, kichwa chake kikatandaa kama chungu kilichopinduliwa. Radi. Kisha mvua ya mawe: ta! ta! ta! ta-ta-ta-ta! Mawe ya barafu, mengine kama mayai ya kanga. Wanyama wakainama, wakapigwa migongo.

Kisha mawe yakakoma. Upepo ukakoma. Ndege wakanyamaza. Jani halikutikisika.

"Mmeona?" akasema Nyati. "Limeogopa hata kabla hatujazomea."

"Limeogopa!" akadakia Nyani. "Limemwogopa Mkuu!"

Utulivu ule, wajukuu zangu, si amani. Utulivu ule baada ya mawe ndio wa kukimbilia ndani. Wao wakasimama duara. Wakaupanga mduara vizuri, wakubwa nje, watoto wakitazama.

Ikasikika sauti. Nguruguruguruguru. Ardhi ikatetemeka. Nguruguruguruguru! Nyati akainua masikio, uso ukamng'aa.

"Hizo ni kwato! Ni jamaa zangu wa ng'ambo! Nyati elfu moja wanakuja kutusaidia kuzomea!"

Mpumbavu yule. Hakuwa nyati hata mmoja. Ulikuwa upepo.

Chini ya wingu tumbo lilikuwa likizunguka. Mkia ukachomoza, mwembamba, ukarudi. Ukachomoza tena. Ukashuka, ukashuka, ukagusa ardhi, na vumbi likaruka pande zote. Mkia ukanenepa. Ukaanza kutembea.

"Zii!" akanguruma Nyati. "Huna mama!"

Mti ukang'oka.

"Zii! Huna baba!"

Miti kumi ikang'oka. Matawi yakapita hewani, vyuu! vyuu! Jiwe likampiga Nyumbu mmoja, akaanguka bila kulia. Duara likavunjika.

Nyani akaparamia mgunga mkubwa, akaukumbatia. "Juu ndiko salama! Juu ndiko salama!" Kimbunga kikaung'oa mgunga pamoja na Nyani aliyeukumbatia. Mpaka leo hatujamwona, wala mgunga hatujauona.

Nyumbu wakakimbia. Wakakimbia wapi? Mbele, moja kwa moja, njia ile ile kinayokwenda kimbunga. Tumbusi, aliyekuwa mbali kabisa ubavuni mwa wingu, akapiga kelele: "Pindeni kando! Kinakwenda huko huko mnakokwenda! Kando!" Waliopinda wakapona. Waliokazana mbele walifikiwa, maana hicho mbio zake si za miguu.

Mama Ngiri alikuwa mlangoni pa shimo. Watoto wake wanne walikuwa ndani, matumbo chini, vichwa vimefichwa. Akamwona Swala anahangaika, anataka kujificha chini ya kichuguu kilichoinama.

"Si hapo!" akapiga kelele. "Kitakuangukia! Mtaroni! Lala mtaroni! Tumbo chini, kichwa ficha!"

Swala akajitupa kwenye mtaro mkavu wa maji, akalala kama ngozi iliyoanikwa. Matawi yakapita juu yake.

Ngiri akageuka kuingia kinyumenyume. Hapo akaona kitu kidogo cheusi kinakuja mbio, kinajikwaa, kinainuka. Ndama. Ndama wa Nyati, wa kike, hata mwezi hajatimiza. Akasimama mbele ya Ngiri.

"Shikamoo, Mama Ngiri."

Upepo unang'oa miti, mtoto anaamkia! Huyo angalau alilelewa na mama yake.

"Marahaba! Unataka nini?"

"Naomba kuingia."

"Baba yako amenifukia mashimo mawili!"

"Ndiyo, Mama."

"Jana! Alitaka kunifukia na hili!"

"Ndiyo, Mama. Nilikuwepo."

Mama Ngiri alikuwa na hasira, nasema kweli, hasira ya kutafuna mawe. Shimo lilikuwa dogo. Wanawe walikuwa wanne. Yule ndama alikuwa mkubwa kuliko wawili wao wakiunganishwa. Ngiri akatazama nyuma, akawaona wanawe wamebanana. Akatazama mbele, akauona mkia wa wingu.

"Ingia!" akafoka. "Ingia, mwana wa mpumbavu! Jisogeze! Nyie wanne, kaeni juu ya mgongo wake kama hapatoshi! Kichwa ficha!"

Ndama akaingia. Ngiri akafuata kinyumenyume, lakini hapakuwa na nafasi tena ya kuzama wote. Kichwa chake kikabaki mlangoni. Akafumba macho, akaweka uso wake pale kama kizibo.

Nguruguruguruguru! Kimbunga kikapita juu. Masikio yakauma, yakaziba. Mchanga, kokoto, miiba, vyote vikampiga usoni. Kipande cha gogo kikaja, kha! Jino lake la kulia likakatika. Hakutoka. Damu ikamjaa mdomoni. Hakutoka.

Sauti ikasogea mbali.

"Kimekwisha?" akauliza ndama.

"Bado! Kilichopaa hakijashuka. Lala!"

Kweli. Pu! Pu! Pu! Matawi na mawe yalikuwa yakirudi ardhini. Mama Ngiri akangoja mpaka hakusikia pu hata moja, akahesabu pumzi zake mia moja, ndipo akatoka. Kwanza akamwita Swala: "Toka mtaroni sasa, maji yanakuja!" Swala akatoka, na maji ya mvua yakaja, mekundu, yakaujaza mtaro.

Mbuga ilikuwa imenyolewa. Wakubwa wengi walikuwa wanachechemea. Waliokufa walikuwa kumi na mmoja, na tisa kati yao walikuwa watoto.

Nyati alikuwa hai. Kimbunga kilimtupa kwenye tope, pembe moja haipo. Akajikokota, akasimama, akatazama angani. Mnajua alisema nini? Nitawaambia alichosema, na Mungu anisamehe kwa ninavyojisikia.

Alisema, "Kimeondoka. Tumekizomea, kimeondoka."

Tumbusi akatua. Puuu. Safari hii hakuna aliyemzomea.

"Mlisema nawaombea mfe nipate kula," akasema. "Haya, karamu hii hapa. Imepikwa na nani?"

Mama Ngiri akaja mpaka mbele ya Nyati, uso umejaa damu, jino moja limebaki. Hakupaza sauti. Nawaambieni, alipokuwa akifoka ilikuwa nafuu.

"Shimo langu moja limebeba watoto watano leo," akasema. "Mliyafukia mawili. Pigeni hesabu hiyo."

Nyati akawatazama wale tisa. Ndipo ndama akatoka shimoni, amejaa udongo, akaja kusimama ubavuni mwake. Nyati akamnusa. Akamnusa tena, kichwa mpaka mkia.

"Mama Ngiri," akasema. "Ahsante. Mimi sikujua..."

"Uliambiwa. Usiseme hukujua. Uliambiwa na ukazomea."

"Niliambiwa," akasema Nyati.

"Basi ahsante yako sina pa kuiweka. Nataka mashimo."

Nyati, mkuu wa mazomeo, akapiga magoti mbele ya mbuga nzima. Akachimba kwa kwato. Akachimba kwa pembe moja. Nyumbu waliobaki wakaja, wakachimba. Swala wakaja, wakachimba. Mchana ukaisha, wanachimba. Nyati akainua kichwa, jasho linamtiririka, akauliza, "Linatosha?"

Mama Ngiri akachungulia.

"Chini zaidi," akasema.

Fundisho si la kutafuta. Hatari huizomei, huitazami, huipigi picha. Unaikimbia ungali na pa kukimbilia. Na anayekuonya msikilize maneno yake, usimtazame anakula nini. Wingu likizunguka, ingieni chumba cha ndani kisicho na dirisha, mlale chini, mfunike vichwa kwa magodoro au mikono. Ukikutwa njiani, lala mtaroni, mbali na miti na mabati. Gari na pikipiki unaviacha. Hutoki mpaka vilivyopaa vimeshuka.

Hadithi yangu imeishia hapo, hasira yangu bado. Nyumba hii ina chumba kimoja tu kisicho na dirisha, na tangu mavuno kimejaa magunia ya pamba mpaka darini, hapaingii hata kuku. Masunga, weka simu chini. Nyanyuka. Anza na gunia lililo mlangoni.